Kanda la Pwani limekwama njiani

Mpenzi msomaji, kuna mambo ya nchi hii ukiyafikiria sana unaweza kupata kizunguzungu. Moja ni hili: makao makuu ya Mkoa wa Pwani yapo Kibaha, na Kibaha haina pwani. Hakuna ufukwe, hakuna mikoko, hakuna kijana wa kukupitishia pweza kwenye sinia. Kuna Barabara ya Morogoro, kuna mabasi ya mikoani, kuna korosho za kukaanga. Bahari utaikuta kwenye jina la mkoa tu.

Kisarawe ndo kasheshe zaidi. Zamani wilaya ile ilishuka mpaka baharini. Miaka ya 1990 Mkuranga ikamegwa, ikawa wilaya inayojitegemea, ikaondoka na bahari yake. Kisarawe wakabaki na vilima, misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, mihogo na miembe.

Mimi nisingeyafikiria haya kama si dada yangu, mwalimu wa darasa la tano katika shule moja ya msingi pale Kibaha. Alinipigia simu usiku. Simu ya dada huwa naipokea kwa tahadhari, maana mara nyingi inaishia na neno "nitumie". Safari hii hakutaka hela. Alitaka mtu mzima wa kumsaidia kuhesabu watoto.

"Tunawapeleka makumbusho na baharini," akasema. "Niliwauliza darasani nani ameshaiona bahari kwa macho yake. Wako hamsini na wawili, kaka. Ikanyooka mikono tisa. Nikawabana wale tisa, mmoja akakiri aliiona kwenye televisheni."

Nikacheka. Dada hakucheka. Toka darasani kwake hadi Feri ni kilomita zisizozidi arobaini na kitu. Nikamwambia nitakuja.

CHUPA YA MAJI

Basi la kukodi tuliambiwa lingefika saa kumi na mbili asubuhi. Lilifika saa mbili kasoro, dereva anatafuna mkate, hana habari. Nisilitaje jina lake, maana wenye mabasi wanasoma gazeti hili.

Lakini kuchelewa kwa basi si jambo lililoniumiza. Lililoniumiza ni hesabu. Mchango wa safari, pamoja na chakula, ulikuwa Sh. 12,000 kwa mtoto. Kwako wewe msomaji wa mjini labda ni soda na chips mayai za watu wawili. Kwa mzazi anayeuza mkaa pembeni ya barabara mambo ni mengine. Walilipa thelathini na watatu. Walimu wakajichanga wakaongeza watano. Kumi na wanne wakabaki.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, siku ya masomo, kwa hiyo wale kumi na wanne walikuwepo shuleni na sare zao safi, wamejipanga kwenye uzio wakituangalia wenzao wanapanda basi. Mmoja, kijana mwembamba mwenye shati lililoishiwa vifungo viwili, akaja mpaka dirishani kwangu na chupa tupu ya maji ya dukani.

"Anko, naomba mniletee maji ya bahari."

"Ya nini?"

"Nione kama kweli yana chumvi."

Nikaichukua ile chupa. Nilikosa la kusema, na wanaonijua wanajua hilo hutokea mara chache.

KIJIJINI KIJITONYAMA

Barabara ya Morogoro siku hizi ni pana kati ya Kibaha na Kimara. Basi letu halikuwa na taarifa hiyo, likachemsha pale Kimara, tukashuka, likamwagiwa maji, tukapanda. Watoto waliimba nyimbo zote za shule wakazimaliza, wakahamia za harusi. Saa nne na nusu tukaingia Kijiji cha Makumbusho, Kijitonyama.

Kwa wasiopajua, na wako wengi wanaopita pale na daladala kila siku, Kijiji cha Makumbusho ni tawi la Makumbusho ya Taifa, kilianzishwa mwaka 1966. Ni uwanja wenye miti na nyumba za asili za makabila mbalimbali, zimejengwa kwa udongo, miti na nyasi kama zinavyojengwa kwao. Tangu miaka ya 1990 kuna utaratibu wa siku za utamaduni, ambapo jamii fulani inaalikwa kuja yenyewe na ngoma zake, vyakula vyake na mafundi wake, inajieleza kwa mdomo wake. Mimi naona hilo ni jambo kubwa kuliko jengo lolote la ghorofa. Makumbusho mengi duniani yamejaa vitu ambavyo wenyewe hawakuulizwa vinasema nini.

Pale tukawakuta wenzetu. Dada na mwalimu mwenzake wa Kisarawe, waliosoma pamoja chuo cha ualimu, walikuwa wamepanga safari zao zikutane, shule mbili mwongozaji mmoja. Watoto wa Kisarawe walikuwa wameteremka na basi lao kupitia Pugu na Gongo la Mboto. Dakika kumi za kwanza kila kundi lilisimama upande wake likitazama sare za wenzao. Dakika ya kumi na moja mpira wa makaratasi ukatokea, sijui ulitoka wapi, na ujirani ukaanza.

Mwongozaji alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Tulipofika kwenye nyumba ya Wazaramo akawaketisha watoto chini. Akawaeleza habari za mwali, yaani binti aliyevunja ungo, ambaye zamani aliwekwa ndani miezi mingi akifundwa na wakubwa, hadi siku ya kutolewa kwa ngoma. Akachukua kijiti, akachora mchangani. Kichwa chenye sehemu mbili kama kishungi kilichopasuliwa katikati. Shingo. Kiwiliwili kilichonyooka kama mchi, matiti mawili madogo. Mikono hakuna, miguu hakuna.

"Huyu anaitwa mwana hiti," akasema. "Mwali alikuwa anakaa naye, anamtunza kama mtoto. Wazungu walivipenda sana hivi. Leo ukivitafuta utavikuta Ulaya na Marekani, kwenye makumbusho makubwa."

Binti mmoja wa Kisarawe, aliyekaa nyuma, akanyoosha kidole.

"Bibi yangu alikuwa nayo."

Wenzake wakaangua kicheko. Mama mwongozaji hakucheka. Akamwita mbele, akampa kijiti, akamwambia achore ya bibi yake. Yule binti akachora ileile, ila shingoni akaongeza duara la vidoti. "Zilikuwa shanga," akasema. "Lakini mimi sikuiona. Bibi ndo alinisimulia."

Dada yangu aliandika jambo kwenye daftari lake. Nilimwona.

MTI WA NGALAWA

Makumbusho ya Taifa pale mtaa wa Shaaban Robert nitayapita haraka, maana hata sisi tuliyapita haraka, basi lilikuwa limetuchelewesha. Nyumba ile ilifunguliwa mwaka 1940 kwa jina la Mfalme George wa Tano wa Uingereza. Leo inaitwa Makumbusho na Nyumba ya Utamaduni. Watoto waliambiwa habari za fuvu la Zinjanthropus, lililogunduliwa Olduvai na Mary Leakey mwaka 1959, wakatikisa vichwa kwa adabu. Walichokipenda ni magari ya zamani ya viongozi. Mtoto ni mtoto.

Lakini baharini! Toka makumbusho hadi ufukweni ni mwendo wa miguu tu. Tuliposhuka kwenye mchanga maji yalikuwa yamekupwa, bahari imejivuta mbali, na ngalawa tatu zimelala upande kama watu wanaopunga upepo. Nilitegemea kelele. Badala yake watoto wote walinyamaza. Sabini na kitu, kimya! Kisha mmoja akasema polepole, "Haina mwisho," na hapo ndo kelele zikaanza.

Mvuvi mmoja mzee alikuwa anashona nyavu. Mwalimu wa Kisarawe akamwamkia, akamwomba awaeleze watoto kidogo. Mzee hakuwa na cheti cha uongozaji, lakini alitoa somo ambalo mimi sijawahi kulipata katika miaka yangu yote ya shule. Akawaonyesha mtumbwi wenyewe, kwamba ni gogo moja lililochongwa likawa na tumbo. Akawaonyesha mirengu, ile miti miwili inayopita juu kwa kukingama, na ndubi, mbao za pembeni zinazogusa maji ili chombo kisipinduke. Akawaonyesha mlingoti, na foromali inayobeba tanga.

"Haya, nani anajua mti huu ni mti gani?"

Kimya. Mmoja akasema mkoko. Mwingine akasema mninga.

"Mwembe," akasema mzee.

Wale wa Kisarawe wakaruka. "Mwembe? Huu wa maembe?"

"Huohuo. Tena gogo nene hulipati huku mjini. Linatoka bara, huko huko kwenu. Nyie mnakula embe, sisi tunapanda mti."

Msomaji, nataka uelewe kilichotokea pale. Watoto wa wilaya isiyo na bahari waligundua kwamba bahari haifanyi kazi bila wao. Walianza kutembea kuzunguka ile ngalawa kama watu wanaokagua mali yao. Binti mmoja aliigonga kwa ngumi kusikia mlio. Mwingine alitaka kujua mti wa umri gani unafaa, na maembe yake yalikuwa ya aina gani.

Na mzee yule hakuwa anatunga. Kati ya miaka ya 2018 na 2021 hivi, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakishirikiana na wenzao wa vyuo vya Exeter na Southampton vya Uingereza walifanya kazi Bagamoyo katika mradi ulioitwa Bahari Yetu, Urithi Wetu. Walimfuata fundi wa ngalawa hatua kwa hatua, tangu mwembe kukatwa hadi chombo kukamilika, wakaandika kila pigo la tezo. Kwa nini watu wenye digrii zao wafanye hivyo? Kwa sababu mafundi wanazeeka na miembe minene inapungua. Fundi akifa na vipimo vyake kichwani, hakuna duka la kununua vipimo hivyo.

Nikajaza ile chupa. Nilingojea wimbi safi, nikaikaza kifuniko, nikaiweka mfuko wa ndani wa koti. Kondakta alipoona akasema, "Braza, unaenda kwa mganga?" Nikamwacha aamini hivyo.

SAFARI YA KISARAWE

Jumamosi iliyofuata dada akanilazimisha twende Kisarawe kumtafuta bibi wa yule binti. Tulipanda gari Gongo la Mboto. Barabara inapanda vilima vya Pugu, hewa inabadilika, unasahau kama umetoka Dar muda mfupi uliopita.

Vilima hivi vina historia nzito, na vinapitwa kama nguzo za simu. Pugu ndiko Wabenediktini wa Kijerumani walikofungua misheni mwaka 1888. Haikumaliza mwaka, ilivamiwa Januari 1889 wakati wa vita vya Bushiri. Pugu ndiko alikofundisha Mwalimu Nyerere, kuanzia 1952 mpaka alipoacha kazi mwaka 1955 kwa ajili ya TANU. Mbele kidogo ni Minaki, ambako chuo cha Mtakatifu Andrea kilihamia mwaka 1925 kutoka Kiungani, Zanzibar. Yaani miaka mia iliyopita elimu ilivuka bahari kwa chombo, ikapanda mlima, ikakaa Kisarawe. Leo ili ielekee upande wa pili, toka Kisarawe kuiendea bahari, tunashindwa na nauli ya basi.

Chini ya ardhi ya Uzaramo kulikuwa na sandarusi. Ni utomvu mgumu wa miti ya kale, watu walikuwa wanauchimba kwa jembe, wanaushusha pwani, unavushwa Zanzibar na kupakiwa merikebu. Huko Marekani na Ulaya walikuwa wanatengenezea vanishi ya samani na magari ya farasi. Wateja wakubwa walikuwa wafanyabiashara wa mji wa Salem, Marekani. Nchi yao ilitia saini mkataba na Sultani wa Zanzibar mwaka 1833, na mwaka 1837 wakaleta balozi wao mdogo. Walichukua sandarusi na pembe, wakaleta nguo nyeupe ya pamba, ile tunayoiita merikani hadi leo.

Sasa sikiliza uhondo. Manahodha wa Salem walianzisha chama chao mwaka 1799, na kila aliyekwenda mbali alitakiwa kurudi na vitu vya ajabu vya kuweka pamoja. Mkusanyo ule ndio mzizi wa Makumbusho ya Peabody Essex, ambayo yapo mpaka sasa. Mtoto wa Salem anaweza kuingia pale akajifunza biashara ya babu zake na pwani yetu. Mtoto wa Kisarawe, ambaye babu yake ndiye aliyeshika jembe, neno sandarusi halijui.

BIBI NA MNYAMWEZI

Bibi tulimkuta barazani anachambua mchicha. Nyumba yake iko nje kidogo ya mji, njia ya Maneromango, chini ya mwembe mkubwa ambao sasa niliuangalia kwa jicho jingine.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Kabila gani?"

"Mnyamwezi."

Bibi akaweka mchicha chini. "Mnyamwezi! Mzigo umeutua wapi? Maana nyie babu zenu walikuwa wakipita hapa na pembe vichwani, wanatumalizia maji visimani."

Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na utani huo ulitokana na misafara hiyohiyo ya wapagazi. Nikamwambia babu yangu alisema maji ya Wazaramo yalikuwa ya kununua, tena kwa bei ya kuruka. Akacheka mpaka akashika kiuno. Baada ya hapo tukawa ndugu.

Dada akatoa habari ya mwana hiti. Bibi akanyamaza kidogo. Akasema ilikuwa ya mama yake, na kabla yake ya bibi yake. Alikaa nayo ndani alipokuwa mwali. Mwaka mmoja wa njaa, mumewe mgonjwa, alipita kijana na baiskeli ananunua vitu vya kale, vinyago, vigoda, fimbo za wazee. Akamuuzia. Hela ile ilinunua debe mbili za unga.

"Unga tulikula wiki tatu," akasema. "Sijutii unga. Watoto waliishi."

Kisha akaniangalia. "Wewe mwanamume, nenda kanunue mihogo pale njia panda. Na usirudi upesi."

Nilielewa. Mambo ya mwali si ya masikio yangu, hata kama natembea na kalamu. Nikanunua mihogo, nikaila yote, nikanunua mingine. Niliporudi baada ya saa nzima, dada yangu alikuwa amejifuta machozi na yule binti amekaa wima kama askari. Nini kilisemwa sijui, na wewe msomaji hutajua. Kuna elimu yenye mlango wake, na makumbusho yenye adabu lazima yajue kubisha hodi.

Bibi akaniuliza swali. "Huko makumbusho mlikokwenda. Mtu kama mimi nikitaka kukaa nayo tena, usiku mmoja tu, nimwonyeshe huyu mjukuu wangu, wananipa?"

Nikamwambia yake huenda iko ng'ambo.

"Basi hiyo ya hapa, ya mwenzangu yeyote. Wananipa?"

Sikuwa na jibu. Nimetembea nalo swali hilo mpaka leo.

KANDA LENYEWE

Tukiwa tunaaga, bibi akatusimulia habari ya Pazi Kilama. Wazee wa Kizaramo wanaisimulia, na imeandikwa vitabuni pia. Wanasema zamani Washomvi wa pwani, watu wa samaki na chumvi, walivamiwa na Wakamba. Wakaelemewa, wakatuma watu bara kumwomba Pazi msaada. Pazi akashuka na watu wake, akawashinda Wakamba. Washomvi wakakubali kwamba kila mwaka watampelekea zawadi ya vitu vya pwani, nguo, chumvi na samaki wakavu. Zawadi hiyo ikaitwa kanda la Pwani. Kanda ni ule mfuko mrefu wa kusukwa kwa ukili.

Unaona akili ya wale wazee? Watu wa bara walilinda, watu wa pwani walilipa. Hapakuwa na wa kumdharau mwenzake.

Kwenye gari la kurudi nikawa nalifikiria kanda hilo. Kibaha inainywesha Dar es Salaam, maana mtambo wa Ruvu Juu uko Mlandizi, na mto Ruvu wenyewe unakwenda kumwaga maji yake baharini karibu na Bagamoyo. Kisarawe inatoa mihogo, mkaa na magogo. Hata bandari imehamia huku, kwani bandari kavu ya Kwala, wilayani Kibaha, ilizinduliwa Julai 2025. Makontena yanafika Kibaha kwa reli. Kama kontena la matairi linaweza kupanda toka baharini mpaka Kwala, kwa nini sanduku la makumbusho lisiweze?

Na hilo la sanduku sikulibuni mimi. Nchi nyingine makumbusho yanaazima shule masanduku yenye vitu vya kushika kwa mkono. Mwalimu anakaa nalo wiki mbili, analirudisha, linakwenda shule nyingine. Hebu fikiria sanduku la bahari. Ndani kuna ngalawa ndogo aliyochonga fundi, kipande cha kamba ya nazi, tezo, picha za Kilwa na Kaole, donge la sandarusi, na sauti ya mvuvi mzee iliyorekodiwa. Sanduku la aina hiyo halihitaji basi la kukodi. Linahitaji bodaboda.

Ushirikiano nao si mgeni kwetu. Tangu miaka ya 1980 kulikuwa na mpango wa Wasweden wa kuunganisha makumbusho yao na ya Afrika, moja kwa moja kama mapacha. Na Kibaha yenyewe ni mtoto wa ushirikiano, kwani Shirika la Elimu Kibaha lilianza mwaka 1963 kama mradi wa Tanganyika na nchi za Nordiki, likakabidhiwa kwa serikali yetu Januari 1970. Lina shule, lina maktaba. Kama unatafuta mahali pa kulaza sanduku, kitanda kipo.

Lakini naomba makosa ya zamani yasirudiwe. Tusiwaletee watu vitu kwenye kioo na kuwaambia tazameni, msiguse. Sanduku likipanda kwenda Kisarawe, lirudi na kitu cha Kisarawe. Bibi yule aalikwe Kijitonyama kama mwalimu, alipwe nauli na posho kama wanavyolipwa wataalamu wa semina. Na mjukuu wake akitaka kushika mwana hiti kwa mikono yake, mbele ya bibi yake, patafutwe utaratibu. Hilo ndo kanda linalokwenda na kurudi.

Tena tusichelewe. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa mwaka 1883, ilikuwa na mtepe ndani yake, chombo cha kushonwa kwa kamba kilichojengwa upya kwa mfano wa ile ya kale. Desemba 25, 2020 sehemu ya jumba ikaporomoka, watu wawili wakafa. Ukuta ukianguka unajengwa tena kwa fedha. Kinachokaa kichwani mwa mzee hakijengwi tena kwa fedha yoyote.

Najua msomaji unataka kujua habari ya chupa. Dada aliipeleka darasani Ijumaa, siku iliyofuata safari. Yule kijana wa vifungo viwili aliitwa mbele. Akaifungua, akainusa, akamimina kidogo kwenye kiganja, akaramba. Akakunja uso. Darasa zima likasubiri hukumu.

"Kweli," akasema.

Kisha akazunguka nayo kwa wale wenzake kumi na watatu waliobaki, mmoja mmoja, kila mtu tone moja kiganjani. Dada anasema hakumpa hata mmoja wa waliokwenda. "Nyie mmeshaionja," aliwaambia.

Chupa sasa iko kabatini kwa mwalimu mkuu, imebaki robo, na karatasi imebandikwa: BAHARI. Ndiyo makumbusho pekee ya shule ile, na kwa siku mbili tatu hivi foleni yake ilikuwa ndefu kuliko ya uji.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaaliwa. Na kama una mwembe mnene uani kwako, uangalie vizuri kabla hujauza mkaa.